Kama kilimo ni bora, mbona Wahadzabe hawakukichukua?

SWALI: Ninafundisha historia kidato cha kwanza hapa Moshi. Kwenye mada ya binadamu wa kale nilieleza kama kitabu kinavyoeleza: watu waliwinda na kukusanya matunda wakihamahama, baadaye wakagundua kilimo, wakatulia, maendeleo yakaanza. Mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Karatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama kilimo kilikuwa kizuri hivyo, mbona Wahadzabe wamekaa jirani na wakulima miaka yote na bado wanawinda?" Darasa likacheka, lakini mimi sikuwa na jibu. Nimwambie nini?

JIBU: Mwalimu, salamu kutoka Arusha. Kwanza waambie waliocheka kwamba mwenzao ameuliza jambo ambalo wanaakiolojia wamebishana juu yake kwa zaidi ya nusu karne, na mpaka leo hawajamaliza.

Jibu fupi la kumpa ni hili. Kilimo hakikusambaa kwa sababu kilimpa kila mtu maisha mazuri kuliko ya mwindaji. Kilisambaa kwa sababu ardhi ile ile ikilimwa hulisha watu wengi zaidi, na watu wakishakuwa wengi hawawezi tena kurudi kuishi kwa kuwinda. Pale ambapo ardhi hairuhusu jambo hilo, na bonde la Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe ni mojawapo, kuendelea kuwinda ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua wanachofanya. Jibu refu lina mambo kadhaa, mengine yako karibu sana na shule yako.

Nianze na hilo neno la "kugundua". Binadamu wa aina yetu wamekuwapo kwa miaka ipatayo 300,000. Mabaki ya kale zaidi tunayoyafahamu yametoka Jebel Irhoud, Morocco. Mashamba ya kwanza kabisa duniani yana miaka kama 11,500. Kwa hiyo tumelima kwa chini ya asilimia nne ya muda wote ambao tumekuwapo. (Huku kwetu ukitaja mambo ya kale kila mtu anakimbilia Olduvai na fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Fuvu lile lina miaka karibu milioni 1.8, tena ni la kiumbe ambaye si babu yetu wa moja kwa moja. Kwa swali la mwanafunzi wako, Olduvai ni kale mno.)

Sasa, tuamini kweli kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeona kwamba mbegu ikidondoka huota? Watu ambao chakula chao chote kinatoka porini huijua mimea kuliko mtu yeyote. Ohalo, ukingoni mwa Ziwa la Galilaya, watu walikuwa wanakusanya na kusaga nafaka za mwitu miaka 23,000 iliyopita. Huko Jordan, mahali panapoitwa Shubayqa, yamepatikana masalia ya mkate uliookwa miaka kama 14,400 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya shamba la kwanza. Ujuzi walikuwa nao. Walichokikosa ni hali ya hewa ya kutegemewa. Enzi ya barafu ilikuwa baridi na kavu, majira yalibadilika ovyo ndani ya kizazi kimoja, na hewa ilikuwa na kabonidayoksaidi kidogo kiasi kwamba mimea ilikua kwa shida. Mtu ambaye angetegemea kipande kimoja cha ardhi wakati ule angekufa njaa pamoja na watoto wake.

Miaka kama 11,700 iliyopita dunia ikapata joto, mvua zikatulia. Baada ya hapo kilimo kikaanza sehemu nyingi ambazo hazikuwa na mawasiliano yoyote: Mashariki ya Kati ngano, shayiri na dengu, China mpunga, New Guinea migomba, Mexico mahindi, milima ya Andes viazi. Afrika nayo haikusubiri kufundishwa. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan karibu miaka 5,000 iliyopita, uwele huko Mali miaka kama 4,500 iliyopita, na nyanda za juu za Ethiopia zikatoa nafaka ya tefu, na ensete, mmea wa jamii ya mgomba. Kama kilimo kingekuwa ni ugunduzi wa mtu mmoja mwerevu, kisingezuka pande zote hizo.

Tena hakikuzuka kwa siku moja. Chukua mtama, maana wanafunzi wako wanaujua. Mtama wa mwitu ukikomaa, punje hupukutika zenyewe na kuanguka chini. Ndivyo mmea unavyojipanda. Lakini katika kila pori huwa kuna mimea michache yenye kasoro, ambayo punje zake hung'ang'ania kwenye suke. Porini kasoro hiyo ni hasara. Mtu akija na kisu akakata masuke, atabeba zaidi yale yasiyopukutika, na akipanda sehemu ya alichobeba, msimu unaofuata mimea ya aina hiyo inaongezeka. Kwa ngano na shayiri, mabadiliko haya yalichukua zaidi ya miaka 2,000 kukamilika. Hakuna aliyeyapanga. Mama aliyekata masuke hakuwa anaanzisha "mapinduzi". Alikuwa anatafuta uji wa jioni. Hilo neno la mapinduzi lilienezwa na V. Gordon Childe, mwanaakiolojia kutoka Australia, katika miaka ya 1930, na bado limo kwenye vitabu vyetu ingawa ushahidi wa miaka ya karibuni umelidhoofisha.

Kuna jingine ambalo kitabu kimeligeuza nyuma mbele: kutulia. Wanatufi wa Mashariki ya Kati walijenga nyumba za mawe na kuzika wafu wao pale pale miaka zaidi ya 12,000 iliyopita, na walikuwa wawindaji na wakusanyaji. Göbekli Tepe huko Uturuki, yenye nguzo za mawe zilizochongwa wanyama, ilijengwa na watu ambao nafaka zao zilikuwa bado za mwitu. Chakula cha porini kikiwa kingi mahali pamoja, watu hukaa. Na hata anayehama hatangitangi ovyo. Mwindaji huhamisha kambi ndani ya nchi anayoijua kila kisima chake, kwa sababu matunda yameisha upande huu na yameiva upande ule.

Je, hao waliotulia na kulima walinufaika? Mifupa inasema mambo ya kusikitisha kidogo. Sehemu nyingi za dunia, wakulima wa mwanzo ni wafupi kuliko wawindaji waliowatangulia, meno yao yameoza zaidi kwa sababu ya wanga, na mifupa ina alama za upungufu wa damu na maradhi. Abu Hureyra, nchini Syria, mifupa ya wanawake inaonyesha vidole vya miguu, magoti na mgongo vilivyoharibika kwa kupiga magoti saa nyingi wakisaga nafaka. Kuishi pamoja na kinyesi chenu, panya wenu na mifugo yenu kulileta magonjwa ambayo kambi ya watu 30 inayohama isingeyabeba. Na anayetegemea zao moja, mvua ikikosa mwaka mmoja, hana pa kukimbilia.

Sasa sikiliza kilichowafanya waendelee. Mama wa kabila la Wakung huko Kalahari, walipokuwa bado wanaishi kwa kuwinda na kukusanya, alizaa mtoto kila baada ya miaka kama minne. Alimnyonyesha muda mrefu, na alikuwa na sababu: huwezi kubeba wawili safarini. Mama mkulima ana uji laini wa kumwachisha mtoto ziwa mapema, na hana safari ya kumbeba. Akizaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama watoto wengine watakufa, kijiji kitakua. Vizazi vichache baadaye kijiji kina watu ambao pori lililo jirani haliwezi kuwalisha. Nchi kama ya Eyasi hubeba wawindaji chini ya mtu mmoja kwa kilomita moja ya mraba. Miteremko ya Kilimanjaro leo inabeba mamia. Watu wa Kibosho wakiamua kesho kuwinda, nyama itaisha kabla ya Jumapili.

Kwa hiyo kilimo kina faida kubwa kwa idadi ya watu na faida ya mashaka kwa mtu mmoja mmoja. Wapo wanaosema kilimo kilikuwa kosa kubwa la binadamu. Mimi siungi mkono, kwa sababu kosa ni la mtu aliyekuwa na uchaguzi mbele yake akachagua vibaya, na hapa hakuna aliyewahi kuuona uchaguzi huo mzima.

Huku kwetu mambo yalikwenda tofauti kabisa, na hapa ndipo ningekushauri utumie kipindi kizima. Katika kitabu kuna ngazi: uwindaji, halafu kilimo pamoja na ufugaji, halafu miji. Afrika Mashariki ng'ombe walitangulia jembe. Wafugaji walifika kandokando ya Ziwa Turkana miaka kama 5,000 iliyopita, wakitoka kaskazini ambako Sahara, iliyokuwa na nyasi na maziwa, ilikuwa inakauka. Kaskazini mwa Tanzania walijikita miaka kama 3,000 iliyopita. Kwa nini wachelewe hivyo njiani? Mfugaji yeyote wa Monduli atakujibu bila kusoma: mbung'o wenye nagana, kupe wenye ndigana kali, na ugonjwa ambao ng'ombe huupata kwa nyumbu wanapozaa. Mifugo iliyotoka Sahara haikuwahi kukutana na maradhi haya. Inaonekana ilichukua vizazi vingi watu kujifunza wapi pa kulisha na wapi pa kukwepa.

Moja ya makazi yao ni Luxmanda, mkoani Manyara, na ni la kusini zaidi kati ya makazi ya aina hiyo yanayojulikana. Watu wake walikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo na vyungu. Vinasaba vya mmoja wao, aliyeishi miaka kama 3,100 iliyopita, vinaonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya asili yake inahusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati, na iliyobaki ni ya Afrika. Makaburi ya vilima vya mawe ndani ya kreta ya Ngorongoro, yaliyokutwa na bakuli za mawe, ni ya wafugaji wa aina hiyo hiyo. Urithi wao tunao mwilini: mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kuvurugika, hapa Tanzania na Kenya, unatokana na badiliko la vinasaba lililozuka huku, tofauti na lile la Wazungu.

Mazao yalikuja baadaye, na kwa njia zaidi ya moja. Kwenye pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, imepatikana kunde yenye miaka kama 2,300. Wakulima wenye chuma, ambao wengi wetu tunaosema lugha za Kibantu tunatokana nao, huku Afrika Mashariki walianzia kandokando ya Ziwa Victoria, na katika karne za mwanzo baada ya Kristo vyungu vyao vya mtindo wa Kwale viko Upare na Usambara. Kwa hiyo miaka 1,500 iliyopita, mtu aliyesafiri kutoka Eyasi mpaka Same angekutana na wawindaji, wafugaji na wakulima katika safari moja, kila mmoja akijua wengine wapo na wakibadilishana bidhaa. Hao hawakai juu na chini ya ngazi.

Kama mwanafunzi bado anaamini kwamba mtu akishapanda ngazi hiyo hashuki, mpeleke Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kuanzia karne ya 15 hivi watu waliishi pale wakimwagilia hekta zipatazo 2,000 kwa mifereji iliyotolewa kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Walijenga kingo za mawe bila saruji, na sehemu nyingine kingo hizo zilitega udongo ulioletwa na maji mpaka ukawa shamba. Walilima mtama. Kufikia karne ya 18 walikuwa wameondoka. Maji kupungua, udongo kuchoka, wafugaji wapya kuingia: kila sababu ina watetezi wake, na mimi naegemea kwenye maji. Walikokwenda hatujui kwa hakika, ila leo mifereji yao ya mawe ni malisho ya mbuzi.

Sasa Wahadzabe wenyewe. Wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wako kama elfu moja na ushei, na lugha yao haina undugu uliothibitishwa na nyingine yoyote. Jirani zao ni Wairaqw (Wambulu) wanaolima, Wadatoga wanaofuga na Waisanzu. Wamebadilishana nao asali na nyama kwa chuma, na sasa kwa unga na nguo, kwa karne nyingi. Kilimo wanakijua.

Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe. Kule chini ni joto, mvua ni haba, na kwa muda mrefu mbung'o waliwazuia wafugaji wengi. Mkulima wa Karatu akishuka na jembe lake atapata mahindi mwaka mmoja na kuyakosa mwaka unaofuata. Lakini kuna ubuyu, matunda madogo ya vichakani, mizizi ambayo akina mama huichimba mwaka mzima, wanyama, na asali. Mazao haya hayakauki yote kwa wakati mmoja. Ukame unaoua mahindi hauui mbuyu.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haionekani kwenye mchanga wala mifupa. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kufanya kazi kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba maisha yao yamejengwa juu ya kugawana papo kwa papo. Anayeleta mnyama kambini hana haki ya kuwanyima wengine. Mkulima hawezi kuishi hivyo. Mkulima lazima aweke mbegu ghalani na kuwatazama ndugu wenye njaa mwezi wa pili akiwaambia hapana. Mhadzabe akipanda mahindi, ndugu watafika yakiwa mabichi na watakula, na hakuna atakayeona kwamba wamefanya vibaya. Ili awe mkulima, kabla hajashika jembe itabidi ajifunze kunyima, na kwao mtu anayenyima si mtu. Serikali ilijaribu kuwaweka vijijini miaka ya 1960 huko Yaeda, ikawapa chakula na kuwafundisha kulima. Wengi walirudi porini.

Usimwachie mwanafunzi wako picha kwamba Wahadzabe ni masalia ya binadamu wa kale. Historia yao ni ndefu sawa na yako na yangu, na imebadilika kama yetu. Leo wengi wao wanachanganya: pori, vibarua, pesa za watalii, unga wa dukani. Eneo lao limemegwa sana na mashamba na malisho, na wanaoishi kwa chakula cha porini pekee wamebaki wachache. Mwaka 2011 baadhi ya jamii zao za Yaeda zilipata hati za kimila za ardhi. Kwa hiyo akiuliza kwa nini wanaacha sasa, sababu kubwa ni kwamba pori linaisha.

Kuhusu mtihani, najua utaniuliza. Mwongozo wa kusahihisha una majibu yake, na mtoto asipoteze alama kwa sababu yangu. Wafundishe jibu la kitabu kama linavyotakiwa, halafu wape mjadala wa darasani kuhusu hili. Nimeona wanafunzi wa kidato cha kwanza wakibishana juu ya Engaruka kwa ukali kuliko wanafunzi wangu wa chuo.

Na kama unataka zoezi la kuanzia, usiende mbali na jiko la shule. Siku ya makande, waulize ni kipi kati ya vilivyomo kwenye sahani kilikuwapo Kilimanjaro miaka 1,000 iliyopita. Mahindi yametoka Mexico. Maharage nayo ni ya bara la Amerika. Yote mawili yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Watakimbilia ndizi, watasema hiyo ni ya Wachaga tangu mwanzo. Kumbe asili ya mgomba ni New Guinea na Kusini Mashariki mwa Asia, ingawa ulifika Afrika zamani sana na mchare wa Moshi umeshakuwa wa Moshi. Watabaki na ulezi, ambao ni wa nyanda za juu za huku kwetu Afrika kweli. Wakikwambia huo hutiwa kwenye mbege, pombe ya Wachaga, wape alama, ila usiulize wamejuaje.